Wimbo wa tangazo la shampuu naukumbuka wote, shampuu yenyewe siijui. Tangazo lilifaulu au lilifeli?

Povu Jingi
Wakuu, kuna kitu kinanisumbua tangu juzi. Nilikuwa bafuni, kichwa kimejaa povu, macho nimeyafumba, mara nikajikuta napiga mluzi: taa, ra-ra-raa, ra-raaa. Ni wimbo wa tangazo la shampuu nililokuwa naliona kwenye televisheni nikiwa mdogo. Nakumbuka kila kitu. Fidla zinapanda taratibu, dada anageuza shingo, nywele zinamfuata kwa nyuma kama pazia lililoguswa na upepo, halafu tone moja la maji linaanguka. Naweza kuuimba sasa hivi mwanzo hadi mwisho bila kukosea.

Shampuu yenyewe ilikuwa ipi? Sijui. Jina limefutika kabisa, hata rangi ya chupa siioni.

Hoja yangu ni hii: tangazo lile lilifeli, tena vibaya. Kuna mtu alilipwa hela ndefu ili mimi nikumbuke jina, nami nimekumbuka kila kitu isipokuwa hilo jina. Na mbona ni shampuu tu? Matangazo ya betri na rangi za nyumba nimeyaona mengi, sibaki na wimbo hata mmoja.

Kipara Halali
Uzi wa shampuu. Nakaa nyuma kabisa, nasikiliza tu.

Fundi Spika
Nimerekodi matangazo kwa miaka kadhaa, ngoja nijibu hilo la betri kwanza. Nywele hazina sauti. Gari lina injini, kinywaji kina vipovu, betri utaionyesha ndani ya tochi inayobofywa au redio inayoongea. Nywele zikipepea husikii chochote. Tena zinapigwa picha kwa mwendo wa kunyatia ili kila unywele uonekane. Sasa una sekunde 30, mtu anageuka polepole, hakuna mazungumzo wala hadithi. Ukizima muziki pale unabaki na mtu anayeumwa shingo.

Kwa hiyo muziki wa shampuu unapewa nafasi yote. Kwenye tangazo lingine unapenyezwa chini ya maneno, kwenye shampuu wenyewe ndio maneno. Ndiyo sababu unaukumbuka.

Kipara Halali
"Mtu anayeumwa shingo" 😂 Sitayatazama tena yale matangazo kwa jicho la kawaida.

Mwalimu Zamu
Fundi, maelezo mazuri ila mimi naona ni rahisi zaidi ya hapo. Ni marudio. Mtoto hana rimoti, anakaa mbele ya televisheni akisubiri katuni, na tangazo lilelile linapita mara nne kabla katuni haijaanza. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba mtu akiona kitu mara nyingi, hata maneno yasiyo na maana yoyote, huanza kukipenda bila kujua kwa nini. Povu Jingi hakuupenda wimbo kwa uzuri wake. Alizoeshwa.

Povu Jingi
Mwalimu, kwa hesabu hiyo ningezoeshwa na jina pia. Nalo lilipita mara nne.

Mwalimu Zamu
Jina lilisemwa mara moja mwishoni, ukiwa umeshakimbilia kukaa karibu na skrini. Wimbo ulianza mapema. Kasome tena ulichoandika: "fidla zinapanda taratibu." Mwanzo unaujua, mwisho huujui.

Nywele Ngumu
Niseme kitu ambacho wengi tunakijua ila tunaona haya kukisema. Nywele zangu ni kipilipili. Hazikuwahi kupepea, hazitapepea leo. Nilikuwa natazama yale matangazo nikijua kabisa ile chupa hainihusu. Yule dada akigeuza shingo nywele zinamfuata. Mimi nikigeuza shingo nywele zinageuka palepale na kichwa, kwa wakati mmoja. Sasa ningekumbuka jina la chupa nilifanyie nini? Nilichukua kilichonihusu, yaani wimbo.

Dada yangu alikuwa anafunga kitambaa cha kichwa, anakiachia kining'inie mgongoni, halafu anageuka polepole huku mimi namwimbia fidla kwa mdomo. Tangazo zima tulilimaliza wenyewe bila shampuu.

Bi Chanuo
@Nywele Ngumu umenikumbusha mbali. Sisi tulitumia sweta: unaivaa kichwani, mikono inakuwa nywele.

Nywele Ngumu
Sweta ilikuwa kwa wenye uwezo, mama.

Sauti ya Nne
Mleta mada, fidla zinazopanda taratibu? Hiyo ni Canon ya Pachelbel, mtunzi wa zamani wa Ulaya, nakuhakikishia. Kuna tangazo la Pantene la msichana kiziwi anayejifunza fidla, wenzake wanamcheka, wanamvunjia fidla, mwisho anapanda jukwaani na nywele zinapepea. Nililia kama mtoto. Lilikuwa la Korea kama sikosei.

Fundi Spika
Unakosea kidogo. Ni la Thailand, la mwaka 2008. Wimbo ni huohuo, Canon in D. Na hapo ndipo akili ya watengenezaji ilipo: Pachelbel alifariki 1706, hakuna wa kumlipa kwa utunzi. Unamlipa anayepiga tu.

Ila hilo si tangazo la shampuu kwa maana ya zamani. Ni filamu fupi ya dakika nne hivi na nywele zimewekwa mwishoni. Ukimuuliza aliyelia, atakwambia habari za msichana na yule mzee anayepiga fidla barabarani. Chupa hakuiona.

Sauti ya Nne
Niliiona! Pantene, nimeitaja bila kuulizwa. Kwa hiyo kwangu lilifaulu.

Povu Jingi
Haliwezi kuwa hilo wakuu. Mwaka 2008 nilikuwa nimeshaanza kuota mvi. Langu ni la zamani zaidi, na hakukuwa na kiziwi. Ilikuwa dada, shingo na tone la maji.

Mzee wa Mawimbi
Vijana, mnatafuta mbali. Mimi hukusanya rekodi za matangazo ya redio ya zamani, najua kidogo habari hizi. Swali la mleta mada lilijibiwa kabla televisheni haijaenea. Miaka ya 1940 Colgate-Palmolive walikuwa na shampuu inaitwa Halo. Wakatunga kibwagizo kinachoanza "Halo, everybody, Halo". Ukisikia haraka unadhani mtu anasalimia. Maana yake kila mtu aliyesema halo aliwatangazia bure. Jina ndilo lililoimbwa, tena mwanzoni kabisa. Usingeweza kuuimba wimbo ukaliacha jina nyuma.

Lako liliweka fidla mbele na jina mkiani. Kosa ni la mtunzi, si la kumbukumbu yako.

Kipara Halali
Yaani kampuni ililiteka neno la salamu? Hao walikuwa hatari.

Mzee wa Mawimbi
Ndivyo vibwagizo vilivyoanza, kwa kulitia jina ndani ya wimbo. Kile kinachotajwa kuwa cha kwanza redioni, cha nafaka ya kifungua kinywa iitwayo Wheaties, mkesha wa Krismasi wa 1926 mjini Minneapolis, Marekani, kilianza kwa kumuuliza msikilizaji kama ameshaijaribu Wheaties. Jina limo kwenye pumzi ya kwanza.

Wakili Mstaafu
Kuweka jina ndani ya wimbo kuna hatari zake, mzee wangu. Mwaka 1949 shampuu ya Prell, ya Procter & Gamble, ilitangazwa kwa wimbo ambao tyubu yenyewe inajitambulisha: mimi ni Tallulah, tyubu ya Prell. Shida ni kwamba nchi nzima ilikuwa na Tallulah mmoja tu anayejulikana, mwigizaji Tallulah Bankhead. Akafungua kesi, akadai dola milioni 1, akawashitaki watengenezaji, wakala wa matangazo na vituo vikubwa viwili, CBS na NBC. Waliishia kuelewana nje ya mahakama.

Nikiwa mwanafunzi kesi ile ilinichekesha. Mwigizaji mzima anasimama kusema yeye si tyubu.

Bi Chanuo
Prell si ndiyo ile ya kijani, wanadondosha lulu ndani inazama polepole kwenye televisheni?

Wakili Mstaafu
Ndiyo hiyo. Ila kesi ilihusu wimbo wa redio, lulu ni habari nyingine.

Bi Chanuo
Basi tazama, lulu naikumbuka na jina nalikumbuka, na hapakuwa na wimbo hata chembe! Hoja ya kwamba bila muziki mtu anabaki na shingo inakufa hapo.

Fundi Spika
Lulu inazama, dada. Kuna mwendo na kuna kusubiri, unataka kuona itafika chini lini. Hata hivyo nakubali umenipiga kidogo.

Mtoro wa Hesabu
Mbona hamjataja ule wa "nitaosha mvi zitoke kichwani"? Wa Clairol. Shampuu maarufu kuliko zote hizo, na wimbo wake ulitungwa kwa ajili ya tangazo.

Mzee wa Mawimbi
Kijana, sentensi zako zote zina kosa. Kwanza, ile haikuwa shampuu, ilikuwa rangi ya kuficha mvi, Loving Care. Pili, wimbo haukutungwa kwa tangazo. Ni wa Rodgers na Hammerstein, kutoka tamthilia ya muziki ya South Pacific, iliyofunguliwa Broadway, mtaa wa maonyesho wa New York, mwaka 1949. Awali anayeoshwa atoke nywelani ni mwanamume, si mvi. Clairol walibadili neno moja tu.

Mtoro wa Hesabu
Mimi niliiona filamu yake, 1958, Mitzi Gaynor ndiye aliyeosha. Kwa hiyo hiyo 1949 sijui umeitoa wapi.

Mzee wa Mawimbi
Filamu ni 1958, jukwaa ni 1949. Jukwaani aliyeosha ni Mary Martin, na aliosha kweli: maji, povu, kila onyesho. Maonyesho manane kwa wiki. Alikata nywele zikawa fupi ili zikauke upesi kabla ya sehemu inayofuata.

Nywele Ngumu
Kuosha nywele mara nane kwa wiki! Mimi nikiosha mara moja tu nahitaji siku nzima ya kupumzika.

Bi Chanuo
Huyo mama ndiye tangazo la shampuu la kweli. Watu walilipa kiingilio kumtazama akioga kichwa.

Lakini turudi kwa mleta mada. Kazi yangu ni kuosha vichwa vya watu, na nina maelezo yangu ambayo hayamo kwenye vitabu. Ni harufu. Nina mteja, mama mtu mzima, mpole, haongei. Nikimlaza kwenye beseni nikafungua chupa fulani yenye harufu ya tufaha la kijani, anaanza kuguna wimbo. Nikitumia nyingine, kimya. Nimemfanyia hivyo bila kumwambia pengine mara kumi, na mara nane aliguna. Siku moja nikamuuliza ni wimbo gani. Akasema, "Wimbo gani? Sijaimba."

Povu Jingi alisema mwenyewe: povu kichwani, macho amefumba. Hakuukumbuka akiwa ofisini. Pua ndiyo iliyomwimbisha.

Povu Jingi
Bi Chanuo hapo umenigusa. Ni kweli nilikuwa nimebadilisha shampuu wiki hiyo.

Mwalimu Zamu
Basi si uangalie hiyo chupa mpya imeandikwaje! Huenda ndiyo yenyewe.

Povu Jingi
Nimeangalia. Ni ya mbwa. Ya mtoto ilikwisha nikachukua iliyokuwepo. Naomba tuendelee na mada.

Kipara Halali
😂😂😂 Hapana, hatuendelei. Mada mpya imeanza.

Nywele Ngumu
Na mluzi nao! Mbwa huitwa kwa mluzi. Mambo yanajipanga.

Mfasiri wa Usiku
Habari zenu. Mmezungumza Marekani tu, ngoja niwapeleke Japani, maana kule wimbo wa tangazo na wimbo wa kawaida havina ukuta kati yake. Tangazo likipendwa, wimbo wake unatolewa kama santuri na watu wananunua. Mwaka 1972 kampuni ya Lion ilikuwa na Emeron, na wimbo ukaitwa "Furimukanaide", maana yake usigeuke nyuma. Waliimba Honey Knights. Kamera inawafuata wanawake wenye nywele nzuri kwa nyuma, mtaani, halafu wanaombwa wageuke. Wimbo unasema usigeuke, nao wanageuka. Na ubeti ulikuwa unabadilisha mji: mwanamke wa Tokyo, mwanamke wa Sapporo, kila mji unangojea zamu yake.

Mwaka 2006 Shiseido walipozindua shampuu ya Tsubaki, wimbo waliupa kundi kubwa la wavulana, SMAP, "Dear Woman". Uliuzwa kama wimbo wowote wa SMAP.

Kwa hiyo swali la kufaulu au kufeli kule lingekuwa gumu kuliuliza. Wimbo ukiuzwa, kuna mtu amefaulu, hata shampuu ikibaki rafuni.

Mtoro wa Hesabu
Emeron ile ilikuwa krimu ya kusuuzia, si shampuu. Na mimi leo nimepata wa kumsahihisha.

Mfasiri wa Usiku
Haha, kweli, nakubali. Tangazo lenyewe lilikuwa la krimu ya kusuuzia.

Sauti ya Nne
Wakuu, kama ni fidla na ni zamani, mmemsahau John Barry. Huyuhuyu wa muziki wa filamu za James Bond. Miaka ya 1960 alitunga muziki wa tangazo la Sunsilk, ukapendwa hadi ukatolewa kwa jina "The Girl with the Sun in Her Hair". Fidla tele, mwendo wa taratibu. Povu Jingi, kausikilize uje utuambie.

Povu Jingi
Nimeusikiliza mara tatu. Mzuri mno. Si wenyewe. Ila sasa nina nyimbo mbili kichwani badala ya moja, asante sana.

Fundi Spika
Huo wa Barry ndio unaothibitisha maneno yangu, niruhusuni. Mtunzi wa muziki wa Goldfinger, filamu ya Bond, anakaa chini kuandika muziki wa shampuu na hashushi kiwango. Matangazo ya nywele yalikuwa na hela, na hela iliwaita watunzi wazuri. Watu wanatafuta siri za ubongo wakati siri ni kwamba wimbo ulikuwa mzuri, basi.

Mwalimu Zamu
Kuna utafiti wa 2016 unakupinga nusu na kukuunga nusu. Kelly Jakubowski na wenzake walikusanya majibu ya watu 3,000 kuhusu nyimbo zinazowaganda kichwani, ile hali Wajerumani wanaiita Ohrwurm, mnyoo wa sikio. Wakazilinganisha na nyimbo nyingine zenye umaarufu sawa lakini zisizoganda. Zinazoganda zilikuwa za mwendo wa haraka, mkondo wa sauti ni wa kawaida kama wa nyimbo za watoto, unapanda kisha unashuka, halafu mahali fulani kuna mruko usioutegemea.

Fundi Spika
Mwendo wa haraka? Wa Povu Jingi unanyata. Wa Barry unanyata. Canon inanyata kupita zote. Utafiti huo ungetoa shampuu nje kabisa.

Mwalimu Zamu
Walitazama nyimbo za pop, hawakwenda bafuni. Lakini sikiliza mluzi wa mleta mada: taa, ra-ra-raa, ra-raaa. Unapanda, unashuka. Mruko nao uko pale kwenye "raaa" ya mwisho.

Kipara Halali
Mwalimu anachambua "raaa" kama mtihani wa taifa.

Wakili Mstaafu
Kuna uwezekano mmoja hamjaugusa. Fundi, umewahi kuambiwa na mteja "nitengenezee kama ule, ila usiwe ule"?

Fundi Spika
Kila wiki. Analeta wimbo maarufu, anasema haki zake ni ghali, badilisha noti tatu. Ukitaka kutumia wimbo wa mtu kihalali unalipa mara mbili, kwa mwenye utunzi na kwa mwenye rekodi. Wengi hukwepa hapo.

Wakili Mstaafu
Ndiyo. Na si noti tu. Bette Midler aliombwa aimbie tangazo la magari ya Ford, akakataa. Wakala akamchukua mwimbaji aliyekuwa akimwitikia nyuma, akaambiwa aimbe kama Midler kadiri awezavyo. Watu wakadhani ni yeye. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ikasema sauti ya mwimbaji anayejulikana haigizwi hivyo ili kuuza bidhaa, na baadaye akalipwa dola 400,000.

Sasa fikiria Povu Jingi anatafuta wimbo ambao ni mwigo wa wimbo mwingine. Atasikiliza nyimbo zote za dunia, kila mmoja utafanana kidogo na hakuna utakaokuwa wenyewe.

Povu Jingi
Wakili hii imenitia huzuni kuliko ile ya mbwa.

Mfasiri wa Usiku
Na jina pia linaweza kukukimbia hivyohivyo. Sunsilk hiyohiyo Brazili inaitwa Seda, Uturuki inaitwa Elidor. Ile shampuu yenye kondishena ndani ya chupa moja, Procter & Gamble waliiita Pert Plus Marekani na Rejoice sehemu nyingi za Asia, Ulaya ikaitwa Wash & Go. Tangazo linapigwa picha mara moja, linasafirishwa, kila nchi inabandika jina lake na sauti yake mwishoni. Kinachobaki vilevile ni picha na muziki. Kama uliliona kwenye vituo viwili tofauti, kichwa chako kilipewa wimbo mmoja na majina mawili, kikaamua kuyaacha yote.

Nywele Ngumu
Hii ya Mfasiri naikubali kuliko yangu. Hapana, naikubali sawa na yangu.

Mzee wa Mawimbi
Siku hizi hata hawajisumbui. Sunsilk mwaka 2008 walinunua nafasi kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, wakaweka Madonna, Shakira na Marilyn Monroe ndani ya tangazo moja. Ukishamwona Madonna utakumbuka Madonna. Chupa ina nafasi gani hapo? Halo haikuhitaji Madonna.

Sauti ya Nne
Mzee, lakini mimi Halo ndiyo kwanza nimeisikia leo. Madukani siioni, na wimbo wake sijawahi kuusikia. Sunsilk ipo.

Mzee wa Mawimbi
Umeisikia leo miaka themanini baadaye kwa sababu ya wimbo. Ungeisikia kwa sababu ya nini kingine?

Mwalimu Zamu
Tukiwa tunapumzika: mnajua "shampuu" maana yake ya awali si kuosha? Waingereza walilitoa kwenye Kihindi, neno la kuamuru: bonyeza, kanda. Shampuu ilikuwa kukandwa mwili. Sake Dean Mahomed, mtu wa Patna, alifungua nyumba ya kuogea kwa mvuke Brighton mwaka 1814 na watu walikwenda kukandwa, si kuoshwa nywele. Nywele zilikuja baadaye sana.

Bi Chanuo
Basi sisi wa beseni ndio tulioishika maana halisi, maana mteja akija anakuja kukandwa kichwa. Kuosha ni kisingizio.

Mtoro wa Hesabu
Matango pori hayo. Patna iko mbali na bahari, alifikaje Brighton?

Mwalimu Zamu
Kwa meli, kijana. Kama wengine.

Povu Jingi
Mrejesho wakuu. Nimempigia dada yangu, tuliangalia televisheni moja utoto wote. Nimemwimbia. Kwanza kasema wimbo naukosea, mwisho haupandi, unashuka. Pili kasema si fidla, ni filimbi. Tatu yule dada hakugeuza shingo, alikuwa anapanda farasi ufukweni. Nikamuuliza, je, shampuu unaikumbuka? Akanitajia jina palepale bila kufikiri.

Nimelitafuta. Ni sabuni ya kuogea.

Fundi Spika
Mwambie arekodi huo wa kushuka, autume hapa. Sauti ya filimbi na fidla zikipigwa pamoja mtoto hatofautishi. Huenda wote mko sahihi.

Bi Chanuo
Au kulikuwa na matangazo mawili.

Nywele Ngumu
Au dada yako ndiye aliyekuwa anaimba, wewe ukatazama. Kama kwetu.

Wakili Mstaafu
Mashahidi wawili, televisheni moja, ushahidi tofauti. Nimeishi na hilo miaka thelathini.

Msomaji Kimya
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Nilikuwa nausoma tangu asubuhi kazini. Sijui shampuu wala fidla, ila hiyo taa-ra-ra-raa imeniganda tangu saa nne na mara mbili nimeiguna mbele ya bosi. Inaondolewaje?

Mwalimu Zamu
Karibu. Tafuna chingamu. Chuo Kikuu cha Reading walilijaribu hilo mwaka 2015: taya ikifanya kazi, wimbo unapungua kichwani, kwa sababu ubongo unauimba kwa kutumia njia ileile unayoongelea.

Kipara Halali
Kumbe dawa ya wimbo wa shampuu ni bazoka.

Sauti ya Nne
Bazoka ndiyo nini? Hiyo ni jojo.

Mtoro wa Hesabu
Jojo wapi, ni bigijii. Nayo ilikuwa na wimbo wake, nani anaukumbuka?